Kabla ya Kukata Waya

Tulimzika Bosibori juzi, na jeneza lake lilivushwa kwa daraja letu la waya kwa sababu barabara ya upande wa Keumbu ilikuwa matope matupu na gari la hospitali lilikataa kupanda. Nilikuwa nimeketishwa kwenye kiti cha plastiki upande wetu wa mto, leso mabegani, fimbo katikati ya magoti. Vijana walilibeba mmoja nyuma ya mwingine kama siafu waliobeba panzi. Daraja likayumba kidogo, likatulia. Kijana mmoja wa mjini, mwenye suti, akasema karibu na sikio langu, "Nani alijenga daraja jembamba hivi? Angeshindwa kuongeza hata futi mbili?" Wenzake wakacheka. Nikamwambia, "Kijana, nenda ukale chakula cha matanga, ukishiba urudi nikueleze." Alikula, na hakurudi. Basi nimeamua kuandika. Watu wa siku hizi wakiona kitu kimesimama wanafikiri kilitoka ardhini hivyo kilivyo, kama uyoga. Hawajui kwamba kabla ya daraja hili kulikuwa na mengine mawili, ambayo yalikufa bila kujengwa, na kuyaua kulitusumbua kuliko kulijenga hili moja lililobaki.

Mwaka huo nilikuwa mokamwana, yaani mke wa mwana, bado mgeni katika boma la Mzee Onchiri. Mume wangu alikuwa kazini mbali na hana sehemu katika habari hii. Michai yetu ilikuwa imeanza tu kuchumwa. Kituo cha kununulia majani kilikuwa ng'ambo ya mto, zahanati ng'ambo, mashine ya kusaga mahindi ng'ambo; upande wetu tulikuwa na kanisa na ndizi. Tulikuwa tukivukia gogo la mkaratusi, na mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimelibeba gogo hilo pamoja na Bosibori, jirani yangu, na kikapu chake cha majani mgongoni. Wanaume walimtoa chini huko kwenye matete, mguu umevunjika. Alipofumbua macho alisema, "Kikapu kimefika kituoni?" Alikuwa mtu wa namna hiyo mpaka juzi. Tangu siku ile tukawa tunazunguka kwa barabara, na majani yakifika yameshaungua kwa joto ndani ya vikapu, karani anayamwaga chini mbele ya macho yako, nawe unarudi nyumbani na kikapu kitupu kama uliyekwenda kutembea.

Mzee Onchiri, baba mkwe wangu, ndiye aliyetafuta waya. Kulikuwa na shamba la walowezi wa zamani huko Nyansiongo ambalo watu walikuwa wakigawiwa, na katika ghala lake palikuwa na waya mnene uliosokotwa, wa kuvutia magogo. Alitoa fahali wake, na fahali alikuwa huyo mmoja. Waya ukaja kwa trela ya trekta, ukalazwa uani chini ya mabati, umeviringishwa kama nyoka aliyeshiba, na kuku wakaona hapo katikati pake ni mahali pazuri pa kutagia. Watu wa ofisi ya wilaya wakatuletea fundi wa madaraja, Mtaita, Bwana Mwadime, mtu mrefu wa maneno machache. Aliuzunguka ule waya, akaupima kwa mikono yake, akatuambia jambo ambalo kila mmoja wetu alilala nalo mwaka mzima: mwingine hakuna, na huu ukishakatwa hauungwi. Ukikatwa vibaya, upande wetu ungerudi kwenye gogo, na wa kupelekwa na maji baada ya Bosibori angekuwa nani, hakuna aliyetaka kusema.

Siku ya kwanza mambo yaliharibika kwa neno moja. Fundi aliketi na wazee na akina mama chini ya ukuta wa kanisa, kila mtu akitumia Kiswahili alicho nacho, na Kiswahili chetu wakati huo kilikuwa kama nguo ya kuazima. Akauliza ni nani anayejua maji ya mafuriko hufika wapi. Mama mmoja akamjibu, "Baba anajua." Fundi akamgeukia Mzee Onchiri. Mzee hakuwa na habari yoyote juu ya maji, lakini hakuwa mtu wa kukosa jibu mbele ya watu, basi akanyoosha fimbo akaonyesha mti. Fundi akaupigilia msumari. Jioni mama mkwe wangu, Kerubo, alipopita pale na kuni zake, akasimama. Akauliza ni nani aliyepigilia msumari mahali ambapo maji hayajafika tangu aolewe. Ndipo tukaelewa. Katika lugha yetu "baba" ni mama. Baba mzazi tunamwita "tata". Yule mama alikuwa anasema Kerubo ndiye anayejua, na Kerubo hata hakuwa ameitwa. Fundi alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaacha kucheka, akasema, "Kwa neno dogo kama hilo ningewajengea daraja la kuvukia hewa. Nipeni mtu wa kunishikia maneno." Kerubo akasema, "Mokamwana wangu ana Kiswahili." Ni kweli nilikuwa nacho. Shule sikwenda sana, lakini nilikua kwa shangazi yangu kwenye nyumba za wachuma chai kule Kericho, ambako usipojua Kiswahili hupati hata maji ya bomba.

Fundi akaniuliza jina langu. "Kwamboka," nikamwambia. Akauliza maana yake, nikamweleza kwamba ni kuvuka, jina la mtoto ambaye mama yake alishikwa na uchungu akivuka mto. Bosibori alikuwa ameegemea mkongojo wake pale mlangoni. Akasema, "Fundi, ya nini kujisumbua? Mlaze huyu juu ya maji, ameshapewa jina la daraja, sisi tupite." Kerubo akamrushia gunzi la mahindi.

Kazi ikawa ni yangu, lakini mahali pa kuifanyia hapakuwepo. Mimi na Mzee Onchiri tulikuwa na chinsoni kati yetu. Wajukuu zangu wananiuliza neno hilo ni nini, na mimi nawaambia ni heshima ambayo ina aibu ndani yake. Mke wa mwana haketi chumba kimoja na baba mkwe. Hapishani naye mlangoni, hamgusi, hata nguo yake isiguse nguo yake. Akimwona njiani anatoka njiani. Hakuna aliyekukalisha chini akakufundisha; ulikuwa unajua kama unavyojua kuondoa mkono motoni. Sasa mokamwana atashika vipi maneno ya mwenyekiti wa kamati naye mwenyekiti ni baba mkwe? Kerubo aliamua, kama alivyokuwa akiamua mambo yote akimwacha mzee ayatangaze. Wanaume wakae sebuleni na fundi, mimi nikae jikoni. Ukuta wa udongo uliotenga vyumba hivyo haukufika darini. Kwenye lile pengo moshi wangu ulikwenda kwao na maneno yao yakaja kwangu. Mwaka mzima nilitafsiri nikiangalia sufuria.

Nakumbuka vyakula kuliko nyuso, maana nyuso sikuziona. Nikipika saga, zile mboga zetu chungu, kwa maziwa nasikia sauti zinapungua ugomvi. Nikipeleka ndizi za kuchemsha na chai, anayezipokea mlangoni ni Kerubo, kisha nasikia fundi anasema, "Mama, uko?" Nami najibu, "Niko." "Mwambie mzee nina madaraja matatu kichwani." Halafu nasikia vikombe vikisukumwa juu ya meza, kijiko kikiwekwa juu ya vikombe, bakuli la sukari likivutwa. Bosibori alikuwa akipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, na mguu wake ule mbovu, anachungulia kwenye pengo na kuninong'oneza: "Kikombe ni jiwe. Kijiko ni gogo. Sasa mzee ameshika kijiko, hataki kukiachilia."

Madaraja yenyewe yalikuwa haya. La kwanza, nguzo ya mawe katikati ya mto, magogo juu yake, waya utumike kufungia tu. Hilo ndilo alilotaka Mzee Onchiri, kwa sababu jiwe unaliona na unaweka mkono juu yake. La pili, daraja la kuning'inia pale juu, kwenye miamba, ambapo mto ni mwembamba; waya ungekatwa vipande vifupi vingi, na daraja lingekuwa pana, mtu na mtu wapishane. La tatu, la kuning'inia vilevile, lakini chini kwenye uwanda, ambapo mto umetanuka. Huko waya wote ungeisha kwa urefu, na upana ungekuwa wa mtu mmoja. Pale juu mwamba ulikuwa imara, ila hatukujua maji yakibanwa hupanda kiasi gani. Pale chini maji hutawanyika, ila udongo ni wa mfinyanzi, na hatukujua kama utashika waya ukishalowa. Kila daraja lilikuwa na jambo lake ambalo hakuna aliyelijua.

Mzee akauliza, "Na wewe fundi unachagua lipi?" Nikasikia fundi akimeza chai. "Bado sijui," akasema.

Jamani, neno hilo lilinipa taabu. Mzee wetu alikuwa ametoa fahali. Kwake yeye fundi ni mtu anayejua, na asiyejua ni mpita njia ambaye amekula ndizi zako. Nilisimama pale na mwiko mkononi. Nikasema kwa lugha yetu maneno yale kama yalivyo: bado hajui. Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani. Kisha mzee akasema, polepole, "Nimetoa ng'ombe kwa mtu ambaye hajui?" Nikayapeleka hayo pia, sikuyapaka sukari. Fundi hakukasirika. "Mwambie kukata waya ni kazi ya dakika chache. Kama ni kukata tu, naweza kukata sasa hivi kabla hajamaliza chai. Lakini mambo haya matatu sijui, na naweza kuyauliza. Maji nitayauliza, udongo nitauuliza. Yakinijibu ndipo nitakata." Nikatafuta njia ya kulisema hilo lisikike kama kazi, maana nilielewa kuwa ni kazi. Nikasema, "Tata, anasema maji na udongo havijamjibu. Akikata leo atakuwa amejijibu mwenyewe." Mzee akaguna. Mguno ule haukuwa kukubali, lakini haukuwa kufukuza. Kuanzia jioni hiyo upande wetu wote ulimwita fundi Bwana Bado. Watoto waliimba jina hilo akipita na baiskeli yake, naye akawa anapiga kengele kuwaitikia.

Akaanza kuuliza, nasi tukauliza naye. Kabla ya mvua za vuli alitupanga tukajenga katikati ya mto nguzo ndogo ya mawe, iliyofika magotini tu, tukaipanga vizuri kama ukuta wa nyumba. Pale juu kwenye miamba tukapaka chokaa kutoka majini kwenda juu, ili maji yakipanda yaondoe chokaa na kutuachia alama. Pale chini tukachimba shimo refu kama kaburi, tukazika gogo zito na mnyororo ukitoka nje, ili baadaye tulivute tuone kama udongo unashika. Watu walicheka. Mama mmoja akapita akatuuliza ni nani amekufa. Bosibori akamjibu, "Bado."

Mvua zikaja. Nguzo yetu ilikaa kidogo, halafu asubuhi moja haikuwepo, wala mawe yake hayakuwa karibu. Mto ulikuwa umeyasukuma hadi kwenye matete, palepale walipomwokotea Bosibori. Nilimwona Mzee Onchiri kwa mbali akiteremka peke yake, mikono nyuma. Alisimama sana pale ukingoni. Kesho yake nikiwa jikoni nikamsikia akisema, hata kabla chai haijamiminwa, "Lile la mawe lilikuwa langu. Limekufa. Tuendelee na yaliyobaki." Nilitafsiri nikiwa nimesimama wima. Nimeona wanaume wengi tangu wakati ule, wengine wana digrii, wengine wanahubiri. Walioweza kusema sentensi hiyo ni wachache, na mimi ninajivunia kwamba iliingia katika Kiswahili kwa kinywa changu.

Chokaa ya pale juu ilibaki sehemu nzuri. Maji yalipanda, lakini si mpaka kwenye daraja lilipopaswa kuning'inia. Kwa hiyo kila mtu akageukia pale juu: mwamba, maji yenye adabu, na daraja pana juu yake. Hata Bwana Bado alianza kuegemea huko, nilimsikia katika sauti. Akasema kabla ya kukata angependa kuona tu jinsi watu na mizigo yao watakavyopita. Akaweka mbao mbili uani kwetu, zikielekea kwenye pembe ya ghala la mahindi, upana uleule wa daraja la juu, na pembeni akafunga kamba za migomba ziwe za kushikia. Pale juu njia hutokea nyuma ya mwamba, humwoni anayekuja mpaka umeshapanda darajani. Pembe ya ghala ilikaa vivyo hivyo, lakini nadhani hakuiweka kwa makusudi. Siku hiyo ilikuwa kama sherehe. Kerubo alipika ugali wa wimbi. Akina mama walipita na vikapu, wakapishana kwa kugeuka ubavu, matumbo yakisuguana, vicheko. Bosibori akapita na mkongojo akimwambia mwenzake, "Vuta tumbo, mama, usinitupe mara ya pili." Fundi alifurahi. Akasema, "Na wewe Kwamboka, jaza kikapu, usiwe wa maneno tu."

Nikajaza. Ukiwa na kikapu mgongoni na kamba yake kwenye paji la uso unaangalia chini, huangalii mbele. Nikatembea juu ya zile mbao, nikafika katikati, nikaona viatu. Vilikuwa viatu ninavyovijua. Mzee Onchiri alikuwa ametoka kwenye zizi, akasikia furaha, akaona naye ajaribu daraja la fahali wake, akazunguka pembe ya ghala. Tulikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi. Sikufikiri. Niliruka kando, kamba ya mgomba ikakatika, nikaanguka kwenye majani na kikapu kikanifunika kichwa, chai ya asubuhi nzima ikamwagika uani. Mzee naye aligeuka na kuondoka kama mtu aliyekumbuka jambo.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Fundi peke yake hakucheka. Akaja akasimama juu yangu. "Mama, umekufa maji," akasema.

"Sijafa. Niko hapa."

"Hapo ulipo ni mtoni." Akaniangalia. "Umerukia nini? Nafasi ya kupishana ilikuwepo, nimeipima."

Kerubo akaeleza, nami nikatafsiri nikiwa bado nimekaa chini na majani ya chai kwenye nywele, habari za aibu yangu mwenyewe. Fundi akauliza, "Kama huu ungekuwa mto kweli, na maji chini yako, ungeruka?" Ningeweza kusema la. Nikamwambia, "Ningeruka. Mguu ungeruka kabla sijaamua." Akina mama waliokuwa wakicheka wakaacha kucheka, maana kila mmoja wao alikuwa mke wa mwana wa mtu, na kila mmoja alikuwa ameangalia miguu yake mwenyewe. Bwana Bado akaketi kwenye mbao zake. Akasema, zaidi kwake mwenyewe, "Nilifikiri upana ndio usalama." Hapo ndipo alipoona. Daraja pana la juu linawaita watu wawili wapande pamoja bila kuonana. Jembamba la chini halimdanganyi mtu. Unaona kabisa kwamba ni la mmoja, na kwa kuwa mto pale umenyooka na kupanuka, unamwona aliye ng'ambo kabla hujaweka mguu.

Lakini udongo wa chini haukuwa umejibu. Mvua za vuli zilikuwa fupi, ule udongo haukulowa hadi ndani, na wilaya ilikuwa inamtaka fundi aende kwingine. Kikao kikaitwa. Sufuria yangu ilikuwa na maharagwe. Mzee mmoja wa kamati alisema tukate waya kwa daraja la pale juu, mwamba tunaujua, ya nini kusubiri tope? Mwingine akasema jambo la chinsoni ni dogo, wanawake wafundishwe kungoja. "Wangoje upande wao mpaka wanaume wapite. Basi." Sauti za kukubali zikafuata. Fundi akauliza, "Mama, wamesema nini?" Nikamwambia yote, neno kwa neno. Kisha sikunyamaza. Bosibori alinishika gauni kunivuta, nikautoa mkono wake. Nikasema kwa lugha yetu, nikiuelekea ukuta, "Haya yanayofuata si ya fundi. Ni yangu, mimi Kwamboka."

Nikaweka mwiko chini.

Nikasema, "Tata, kungoja tunajua. Tunangoja tangu tuolewe. Lakini pale juu sitakuona. Siwezi kumngojea mtu ambaye simwoni. Nitakuwa katikati na mzigo, nawe utatokea, na siku hiyo mtanitafuta kwenye matete." Nikaongeza moja tu: "Na wewe utakuwa umesimama hapo, ukitazama." Kisha nikarudi kwenye maharagwe, nikayakoroga ingawa hayakuhitaji kukorogwa.

Mzee Onchiri hakunijibu mimi, haikuwa desturi. Alijibu kwa kumwuliza fundi, akipitisha kwangu kama kawaida: "Mwulize, udongo wa pale chini umemjibu?"

Nikauliza. "Bado," akasema fundi.

Nilifungua kinywa nitafsiri, lakini mzee alinitangulia. Akalisema mwenyewe, kwa Kiswahili, lile neno alilolichukia, akiligonga na fimbo sakafuni: "Basi na sisi, bado." Akawaambia wenzake waya hautaguswa mpaka masika yapite, na kama wilaya inamtaka fundi, atakwenda yeye mwenyewe kuwaeleza kwamba sebule yake bado haijamalizana naye. Alikwenda kweli, na koti lake la kanisani. Sijui aliwaambia nini. Bwana Bado alibaki.

Masika yalikuwa makubwa mwaka ule. Pale juu chokaa yote iliondoka, mpaka mstari wa mwisho, na maji yakapita juu yake yakiwa na matawi. Tungekata wakati wa vuli, waya wetu ungekuwa unanasa matawi hayo. Nilimwona Kerubo akiutazama ule mwamba, akavua kitambaa chake kichwani akakifunga upya. Mvua zilipopungua wakafunga maksai kwenye mnyororo wa lile gogo lililozikwa, udongo ukiwa umelowa kama uji. Gogo lilisogea kidogo. Fundi akasema limejibu vibaya ila limejibu. Wakachimba zaidi, wakalizika chini zaidi, wakalijazia mawe, yale mawe ya nguzo ya Mzee Onchiri, tuliyoyabeba sisi wanawake kutoka kwenye matete. Maksai wakavuta tena mpaka wakapiga magoti. Halikwenda popote.

Siku ya kukata, fundi alitoa msumeno wa chuma akampa mzee. "Mwambie akate yeye." Nilikuwa nimesimama mbali, karibu na migomba, nikapaza sauti. Mzee alikata polepole, na ule mlio wa chuma juu ya chuma ulinyamazisha hata ndama. Waya ulitosha. Kilichobaki kilikuwa kipande kisichotosha hata kufungia mbuzi, na Bosibori alikichukua akakifanya cha kuanikia nguo. Kerubo alipaka jiwe chokaa kila upande wa daraja, akaamuru: ukifika kwenye jiwe jeupe unasimama, unaangalia ng'ambo, ndipo unapanda. Mtu wa kwanza kuvuka alikuwa Bosibori na mguu wake, na kikapu kilichojaa. Alipofika kituoni alimwambia karani majani haya alianza kuyaleta mwaka juzi.

Bwana Bado alipokuja kutuaga, aliniagia ukutani. "Mama, uko?" "Niko." Kisha nikasikia kengele ya baiskeli yake.

Kijana wa suti, hiyo ndiyo habari ya futi zako mbili. Jana nilivuka kurudisha masufuria ya matanga tuliyoazima ng'ambo, mjukuu wangu akiwa ameyabeba nyuma yangu. Nilipofika kwenye jiwe jeupe nikasimama, nikaangalia. Upande wa pili alikuwa amefika mkwe wangu, mume wa binti yangu, ametoka Ogembo, amechelewa mazishi, simu sikioni. Yeye na mimi pia tuna chinsoni, maana mama mkwe naye hapishani na mkwe. Aliniona. Akakata simu, akavua kofia, akatoka njiani akasimama kando kwenye matope na viatu vyake vinavyong'aa, akigeuza uso. Nikaweka mguu darajani, nikavuka polepole. Nilipofika katikati nikasimama kidogo, nikaangalia maji. Sikuwa nimechoka; safari hii anayengoja alikuwa mwanamume.